Mgeni wa angani naye afuate sheria ya mwenyeji

Naomba unipatie nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nami nitoe maoni yangu juu ya jambo ambalo sisi wa vijijini tunaliona kwa macho lakini hatulisemi, kwa kudhani kuwa ni la wataalamu peke yao. Jambo lenyewe ni hizi ndege ndogo za watu binafsi kutoka nchi za nje, ambazo huingia nchini na kutua katika viwanja vyetu vidogo vya majani, na hasa namna zinavyoruka wakati hali ya hewa ni mbaya.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi katika kijiji kimoja cha Wilaya ya Mufindi. Sikusomea urubani. Nilisomea ualimu chuoni, na ndege yenyewe sijaipanda hata siku moja. Lakini kisa kilichotupata mwaka juzi kilinifanya niutafute Mkataba wa Kimataifa wa Usafiri wa Anga na kuusoma kwa jioni nyingi, kamusi mkononi. Niliyoyakuta humo nimeona si vema kubaki nayo peke yangu.

Wanaoijua Mufindi wanajua ukungu wetu. Mwezi wa Juni na Julai hushuka alfajiri juu ya mashamba ya chai, ukakaa mpaka saa nne, na siku nyingine mpaka mchana. Karibu na shule yetu pana kiwanja cha ndege cha majani. Hakina mnara, hakina mwongoza ndege, wala hakina uzio. Watoto wa upande wa pili wa bonde hukikatiza wakija shuleni, kwa sababu njia ya kuzunguka ni ndefu na baridi ni kali.

Asubuhi moja ya Julai, kama saa moja na nusu, nilikuwa nimesimama mbele ya ofisi nikingoja watoto wapige namba. Ukungu ulikuwa ukija na kuondoka. Mara unaiona mikaratusi, mara huioni. Tukasikia ndege juu ya paa letu, chini mno. Ikapita, ikanguruma, ikapanda. Ikarudi tena vile vile. Mara ya tatu ikatua. Wakati huo watoto wawili wa darasa la pili walikuwa katikati ya kiwanja. Mmoja alikimbia. Mwingine alilala kifudifudi ndani ya mtaro, na gurudumu likapita hatua chache kutoka pale alipolala. Kwa rehema ya Mungu hakuna aliyeumia.

Nilikwenda pale pamoja na mwenyekiti wa kijiji. Ubavuni mwa ndege ile hapakuwa na alama 5H, ambayo ndiyo ya ndege zilizosajiliwa Tanzania. Ilianza na herufi N, yaani ni ya usajili wa Marekani. Rubani alikuwa mtu mwungwana. Alitusikiliza, akaomba radhi kwa mshituko walioupata watoto, kisha akasema maneno ambayo sijayasahau: kwamba kwao sheria inamruhusu kuruka ikiwa anaona mbele umbali wa maili moja na yuko nje ya mawingu, na kwamba hapa hakuna aliyemwambia vinginevyo. Akawapa watoto biskuti. Walizipokea, nami sikuwakataza. Lakini nilirudi darasani nikiwa na swali moja: Je, mgeni anapoingia katika nyumba yangu hufuata desturi ya kwao au ya kwangu?

Tulipeleka taarifa kwenye ofisi moja inayohusika. Tulijibiwa kwa mdomo kwamba ndege ile ilikuwa na vibali vyote. Jibu hilo lilikuwa la kweli, lakini halikujibu swali letu. Sisi hatukuuliza kama ndege ina vibali. Tuliuliza kama ilipaswa kutua asubuhi ile.

Ndugu Mhariri, swali langu lina jibu, na jibu hilo ni la zamani kuliko uhuru wetu. Tarehe 7 Desemba, 1944, wajumbe wa nchi 52 walitia sahihi mkataba katika mji wa Chicago. Wakati huo Tanganyika ilikuwa bado chini ya Mwingereza. Leo nchi zilizomo katika mkataba huo ni zaidi ya 190, na Tanzania ni mojawapo. Ibara yake ya kwanza kabisa inasema kwamba kila nchi ina mamlaka kamili juu ya anga iliyo juu ya ardhi yake. Ibara ya 11 inasema kuwa sheria za nchi kuhusu ndege zinazoingia, kuruka na kutoka zitatumika kwa ndege za nchi zote bila ubaguzi. Ibara ya 12 inaitaka kila nchi ihakikishe kuwa ndege yoyote iliyo juu ya ardhi yake inafuata kanuni za mwendo wa ndege za mahali hapo, na pia inaahidi kuwashitaki wanaozivunja. Ni juu ya bahari kuu tu, ambako hakuna mwenyeji, ndiko kunakotumika kanuni za shirika la kimataifa moja kwa moja.

Kwa hiyo yule bwana alikosea, na tena alikosea hata kwa sheria ya kwao. Kanuni za Marekani zenyewe zinamwamuru rubani wa ndege yenye usajili wa nchi hiyo, awapo ndani ya nchi nyingine, azifuate kanuni za mwendo wa ndege za nchi ile. Maili moja aliyoitaja ni kweli imo katika vitabu vyao, nayo ni sawa na kilometa 1.6, lakini ni kwa safari za mchana, karibu na ardhi, katika anga isiyo na mwongozaji, na huko huko kwao. Haisafiri pamoja naye ndani ya mkoba.

Hapa yafaa nieleze kidogo kwa faida ya wasomaji wasiolijua jambo hili, kwani nami nilikuwa mmoja wao. Ndege huruka kwa namna mbili. Ya kwanza ni kuruka kwa macho: rubani anaangalia nje, anauona mlima, anauona mto, anaiona ndege nyingine na kuikwepa. Ya pili ni kuruka kwa vyombo: rubani anafuata saa na mishale iliyo mbele yake, hata kama nje ni weupe mtupu. Kwa namna hii ya pili anatakiwa awe na cheti chake maalumu, ndege iwe na vifaa, na kiwanja anachokwenda kiwe na njia ya kushukia iliyopimwa na kutangazwa.

Kwa kuruka kwa macho, kanuni za kimataifa zimeweka kipimo. Chini ya futi 10,000, rubani lazima aone mbele kilometa 5. Kuanzia futi 10,000 kwenda juu, kilometa 8. Tena akae mbali na wingu meta 1,500 kwa ubavu na futi 1,000 kwa juu au chini. Akiwa karibu na ardhi, katika anga isiyoongozwa, inatosha awe nje ya wingu na aione ardhi, lakini zile kilometa 5 zinabaki. Zinaweza kupunguzwa mpaka meta 1,500, ila kwa sharti kwamba mamlaka ya anga ya mahali hapo ndiyo iliyoamua hivyo. Ningependa wasomaji walishike hilo. Mwenye uwezo wa kupunguza ni mwenyeji, si mgeni.

Kwa kutua kwa vyombo nako kuna utaratibu. Kwa ndege za watu binafsi zinazosafiri nchi hadi nchi, rubani mwenyewe ndiye anayejiwekea kiwango cha chini cha hali ya hewa kwa kila kiwanja, akifuata vigezo vya nchi iliyoisajili ndege yake. Lakini kiwango hicho hakiruhusiwi kuwa chini ya kile kilichowekwa na nchi yenye kiwanja, isipokuwa nchi hiyo imempa idhini waziwazi. Kwa maneno mengine, katika sheria mbili inashinda ile iliyo kali zaidi. Huo ni utaratibu wa haki, na mtu yeyote aliyelelewa vizuri angeuelewa bila kusomea sheria.

Nchi hazifanani katika jambo hili, na ndiyo sababu hatuwezi kumwachia mgeni achague. Chukua mfano wa Marekani na nchi za Ulaya. Kule Marekani rubani wa ndege binafsi anaweza kuanza kushuka kwa vyombo hata kama taarifa inasema uwanja umefunikwa, akaenda kujionea mwenyewe, mradi asishuke chini ya kimo kilichowekwa bila kuona kinachotakiwa. Hata katika kupaa, viwango vinavyoyabana mashirika ya ndege havimbani mtu anayerusha ndege yake binafsi. Kumbe katika nchi za Ulaya, ikiwa umbali wa kuona uliopimwa kwenye njia ya kurukia ni chini ya kiwango, rubani wa ndege binafsi naye haruhusiwi kuendelea kushuka chini ya futi 1,000 juu ya kiwanja. Basi rubani yule yule, kwa ndege ile ile na ukungu ule ule, anaruhusiwa upande mmoja na kukatazwa upande wa pili. Simlaumu Mmarekani wala Mzungu wa Ulaya kwa hilo. Kila nchi imepanga kulingana na anga yake, rada zake, na viwanja vyake. Nasi tupange kulingana na vyetu.

Wapo watakaosema kwamba natia chumvi. Nawaomba wakumbuke msiba uliowashitua wapenzi wa mpira duniani kote. Tarehe 21 Januari, 2019, mchezaji wa Argentina, Emiliano Sala, aliyekuwa na umri wa miaka 28, alipanda ndege ndogo ya injini moja kutoka Nantes, Ufaransa, kwenda Cardiff, ambako alikuwa amenunuliwa kwa paundi zipatazo milioni 15. Ndege hiyo ilikuwa ya usajili wa Marekani, ikirushwa na Mwingereza, ikitoka Ufaransa. Ilikuwa usiku, na rubani alikuwa akiruka kwa macho. Njiani aliomba ruhusa ya kushuka chini zaidi ili aepuke mawingu. Ndege ilipotea karibu na kisiwa cha Guernsey, na mabaki yake yalikutwa chini ya bahari, meta 68 kwenda chini.

Wachunguzi wa Uingereza walitoa ripoti yao mwezi Machi 2020. Walisema rubani alishindwa kuimudu ndege katika kona aliyoikata, yaelekea ili asiingie ndani ya mawingu, na ndege ikakatika vipande kwa mwendo mkali kupita kiasi. Walisema pia kwamba huenda rubani alikuwa amelegezwa na hewa ya sumu kutoka kwenye bomba la moshi wa injini. Isitoshe, hakuwa na ruhusa ya kuruka usiku, wala leseni yake haikumruhusu kubeba abiria kwa malipo. Mwezi Novemba 2021 mtu aliyeipanga safari ile alihukumiwa kifungo cha miezi 18.

Sisemi kuwa hali ya hewa peke yake ndiyo iliyoua pale. Ninachosema ni hiki: ndege hiyo ilikuwa chini ya macho ya nchi tatu, zote tajiri, zenye rada na wakaguzi, na bado hakuna aliyeizuia. Nchi ya usajili iko mbali, ng'ambo ya bahari. Nchi ya kuondokea inadhani nchi ya usajili imekagua. Nchi ya kufikia inangoja ifike. Mtoto wa wengi huenda asife na njaa, lakini ndege ya wengi inaweza kukosa mwenyewe wa kuichunga. Ikiwa hayo yalitokea Ulaya, je, kiwanja chetu cha majani kitasalimika kwa bahati tu?

Nasi tuna misiba yetu ya hali ya hewa, ingawa haikuwa ya ndege za wageni binafsi. Tarehe 5 Juni, 2018, ndege ndogo iliyotoka Kitale kwenda Nairobi iligonga milima ya Aberdare nchini Kenya, na watu wote 10 wakafa. Tarehe 6 Novemba, 2022, ndege ya abiria iliyokuwa na watu 43 iliangukia Ziwa Viktoria karibu kabisa na uwanja wa Bukoba wakati wa hali mbaya ya hewa, na ndugu zetu 19 wakapoteza maisha. Siku ile tuliwaona wavuvi wakiwa wa kwanza kufika na mitumbwi yao. Hao walikuwa marubani wenye leseni zetu, wanaozijua nchi zetu. Sembuse mgeni anayeuona mlima wetu kwa mara ya kwanza?

Sasa nijibu hoja ninazozisikia. Hoja ya kwanza ni kwamba tukibana wageni watakwenda nchi nyingine, na sisi tutakosa watalii na wawekezaji. Hoja hii haina uzito. Mgeni mwenye akili haikimbii nchi yenye utaratibu. Huikimbia nchi isiyojulikana kesho itasema nini. Marekani yenyewe inaweka masharti kwa ndege za kigeni zinazoruka huko, ikiwamo kuwa na redio na kuwa na mtu ndani ya ndege anayeweza kuzungumza Kiingereza na waongozaji. Hatujasikia kuwa wageni wamekoma kwenda Marekani.

Hoja ya pili ni kwamba ndege za siku hizi zina vyombo vya satelaiti vinavyoonyesha kiwanja kilipo hata gizani. Ni kweli vinaonyesha kiwanja kilipo. Lakini havimwonyeshi mtoto wa darasa la pili aliye katikati ya kiwanja, wala mbuzi, wala ng'ombe wa mzee anayelisha majani ya bure. Isitoshe, kiwanja kisichopimiwa njia ya kushukia kwa vyombo hakigeuki kuwa uwanja wa kimataifa kwa sababu tu rubani amenunua kioo kipya.

Hoja ya tatu ndiyo nzito, nayo sitaki kuipita haraka. Wapo wasemao: Je, ndege ya mgonjwa? Miaka kadhaa iliyopita mama mmoja wa kijijini kwetu alipata shida ya uzazi, na ndege ndogo ikaja jioni kumchukua. Giza likaingia, ikalala. Asubuhi ukungu ulikuwa umefunga kabisa. Rubani, kijana wa Kitanzania, alikaa chini ya bawa akinywa chai, akasema hatapaa mpaka aione mikaratusi ya upande wa pili. Mume wa yule mama alimfokea mbele ya watu wote, na mimi, nasema kwa aibu, nilikuwa upande wa mume. Nilimwona rubani yule kama mtu asiye na huruma. Saa nne kasoro ukungu ukainuka, wakapaa, na mama yule akafika hospitali. Yeye na mtoto wake wako hai. Mtoto nilimwandikisha mimi mwenyewe darasa la kwanza.

Nilichojifunza kwa kijana yule ni kwamba kungoja nako ni kazi ya urubani. Angeondoka saa moja kwa kutuogopa sisi na makelele yetu, huenda tungezika watatu. Sheria ndiyo iliyompa nguvu ya kutukatalia. Sheria ya kiwango cha hali ya hewa si adui wa mgonjwa. Ni ngao ya rubani mwema dhidi ya watu wenye haraka, wawe ni ndugu wa mgonjwa au ni tajiri mwenye ndege anayetaka kuwahi mkutano. Na ikitokea dharura ya kweli angani, kila sheria ya anga ninayoijua humruhusu rubani afanye lipasalo kuokoa maisha. Yule bwana wa biskuti hakuwa na dharura. Alikuja kutembea.

Kwa hiyo basi, pengo liko wapi? Pengo haliko katika mkataba. Liko katika maneno aliyoyasema mgeni wetu: kwamba hapa hakuna aliyemwambia vinginevyo. Sheria inasema kiwango cha mgeni kisiwe chini ya kile cha mwenyeji. Lakini kwa kiwanja ambacho mwenyeji hakukiwekea kitu, mgeni hubaki na cha kwake. Na hata zile kilometa 5, nani azipime mahali pasipo na mtu wa hali ya hewa? Sheria isiyo na mpimaji ni sawa na mtihani usio na msahihishaji. Kila mtoto atasema amefaulu.

Napenda kutoa mapendekezo yafuatayo kwa wahusika.

Kwanza, ndege yoyote binafsi ya kigeni inapoomba kibali cha kwenda viwanja vya ndani, rubani atamke kwa maandishi kama ana cheti cha kuruka kwa vyombo au anaruka kwa macho tu, na atie sahihi kwamba katika sheria ya kwao na ya kwetu atafuata iliyo kali zaidi. Karatasi haizuii ajali, lakini baada ya kutia sahihi hakuna atakayesema hakuambiwa.

Pili, tuitumie Ibara ya 5 ya mkataba. Ibara hiyo inazipa ndege zisizo za ratiba uhuru wa kuingia katika nchi wanachama, lakini pia inaiachia nchi haki ya kuziamuru zifuate njia maalumu au zipate ruhusa ya pekee zinapokwenda sehemu zisizofikika au zisizo na vifaa vya kutosha vya kuongozea ndege. Viwanja vyetu vya majani ni sehemu za namna hiyo hasa. Mgeni atue kwanza kwenye uwanja mkubwa, apewe taarifa ya hali ya hewa na maelezo ya milima na ukungu wa huko aendako, ndipo aendelee.

Tatu, Ibara ya 16 inaturuhusu kuikagua ndege ya kigeni inapotua au inapoondoka, na kutazama hati zake. Haki hii isiishie kwenye mizigo na pasipoti. Itazamwe pia leseni ya rubani inamruhusu kuruka vipi. Yule aliyempeleka Sala angeulizwa swali moja tu kabla ya kuondoka usiku ule, huenda safari ingeahirishwa mpaka asubuhi.

Nne, nchi zetu za Afrika Mashariki ziseme neno moja. Mpaka mwaka 1977 mambo ya anga ya Kenya, Uganda na Tanzania yalisimamiwa kwa pamoja. Jumuiya ya sasa nayo ina chombo chake cha usalama wa anga, kilichoanzishwa mwaka 2007, makao yake Entebbe. Ndege ndogo hutoka Nairobi zikafika Serengeti kwa muda mfupi. Haifai rubani wa kigeni awe na ruhusa upande mmoja wa mpaka na katazo upande wa pili, kwa ukungu ule ule.

Tano, na hili ndilo letu wenyewe, vijiji vyenye viwanja vishirikishwe. Baada ya kisa kile niliwachukua watoto wa darasa la sita katika somo la vipimo. Kwa kamba tulipima kutoka ukingo wa kiwanja meta 1,500, tukafika kwenye safu ya mikaratusi iliyo juu ya bonde. Kisha kwenye ramani ya wilaya tulikuta kwamba bomba la moshi la kiwanda cha chai liko kiasi cha kilometa 5. Watu wa hali ya hewa nao hupima hivyo hivyo, kwa kutazama vitu ambavyo umbali wake unajulikana. Tangu hapo kila asubuhi mtoto wa zamu huandika ubaoni: bomba linaonekana, au mikaratusi tu inaonekana, au hakuna kinachoonekana. Gharama yake ni chaki. Kama mamlaka ingempa mtu mmoja wa kijiji mafunzo kidogo na namba ya simu ya kutoa taarifa hiyo, rubani angeweza kuambiwa ukweli kabla hajaondoka alikotoka. Kadhalika kiwanja kipate uzio au angalau mlinzi, na watoto wapatiwe njia nyingine. Sisi nasi tuna wajibu wetu. Kiwanja cha ndege si njia ya kwenda shule.

Ndugu Mhariri, sina chuki na wageni wala na ndege zao. Watoto wangu wa darasani wakisikia ngurumo hukimbilia dirishani, na wapo wawili watatu wanaosema wakikua watakuwa marubani. Nawatakia heri. Ningependa wakianza kazi hiyo wakute nchi ambayo rubani yeyote, mwenye alama 5H au mwenye herufi N, akiuliza, "Hapa kwenu nione mbali kiasi gani ndipo nitue?" anapewa jibu moja, na jibu hilo linatoka kwetu.

Yule mtoto aliyelala mtaroni sasa yuko darasa la nne. Bado hapiti kwenye kiwanja. Huzunguka njia ndefu, na asubuhi za ukungu huchelewa namba. Simpigi wala simwulizi sababu.



Mwalimu wa Kijijini,
Mufindi, Iringa.